Akiambiwa Asichanganye, Huacha Dawa

Mwambie mtu wa Malindi anayekunywa mnazi kila jioni kwamba pombe na dawa havichanganyiki, atakusikiliza vizuri wala hatakubishia. Jioni ikifika atatii vile alivyoambiwa: hatachanganya. Atakunywa mnazi wake, na kidonge atakiacha kwenye karatasi yake mpaka kesho. Kesho nayo ina jioni yake.

Nauza dawa kwenye kemisti moja huku Maweni, na hili ndilo jambo linaloniuma kuliko yote ninayoyaona pale kaunta. Tumezoea kusema mlevi hajali afya yake. Kwa wengi ninaowajua mimi, hilo si kweli. Wanaruka dawa siku ya kunywa kwa sababu wanaogopa. Wamesikia kwamba ukichanganya ini litaoza, dawa itageuka sumu tumboni, utalala usiamke. Na kwa kuwa pombe hawajaweza kuiacha, wanaacha kile kinachoachika kwa urahisi. Presha inapanda, virusi vinaamka, kifafa kinarudi, na sisi tunasema, "Si aliambiwa?"

Nitaeleza ya mjomba wangu, kwa ruhusa yake. Anakaa Ganda, ana presha kwa miaka mingi, na mnazi ameunywa tangu ujana. Siku moja nilimwendea, nikamwomba aniletee dawa zake zote nizione. Alikuja na kopo la Kimbo, akalifungua, akanipangia juu ya mkeka karatasi za vidonge moja moja. Mwezi ulikuwa umekwisha. Karatasi mbili za amlodipini, dawa yake ya presha, zilikuwa tupu, ya tatu nzima, haijatobolewa hata kidonge kimoja.

"Mjomba, hii mbona imebaki hivi?"

"Hizo ni za siku za mangwe, mwanangu. Sista alinambia nisichanganye. Sasa siku nikienda, siigusi."

Alilisema hilo kwa utulivu wa mtu aliyefanya alivyoagizwa. Alikuwa ameweka hesabu yake sawasawa: kila jioni aliyokaa mangweni, pale panapouzwa mnazi, chini ya mkanju na wenzake, mboko mkononi na mrija mdomoni, kidonge cha siku hiyo kilibaki salama ndani ya kopo. Hakuwa amesahau hata kimoja. Theluthi nzima ya matibabu yake ilikuwa pale mkekani, kwa sababu ya maneno mawili aliyoambiwa na mtu aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni.

Amlodipini hukaa mwilini zaidi ya siku moja, kwa hiyo kuikosa jioni moja si balaa. Kuikosa jioni kumi kwa mwezi ni jambo jingine. Na pombe yenyewe, ikinywewa kwa wingi, hupandisha presha. Maana yake ni kwamba usiku ule ambao mishipa ya mjomba ilikuwa inasukumwa zaidi ndio usiku aliokosa kinga. Kiharusi hakingojei mtu amalize hangova.

Kidonge chake cha pili, kile cha kupunguza maji ambacho wenyewe wanakiita dawa ya mkojo, alikuwa anakiacha kwa sababu nyingine kabisa. Kinamwinua kila mara mbele za watu, na akiinuka macho yanaona giza. Hapo hakuwa anaogopa kitu cha kuwaza. Pombe nayo hukojoza na kushusha maji mwilini, na vikikutana mtu anaweza kuanguka akisimama ghafla. Lakini dawa ya hilo si kuacha kidonge. Tulirudi kliniki pamoja, na daktari akamhamishia vidonge vyote viwili asubuhi, na chai. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inataka baa zifunguliwe saa 11 jioni siku za kazi. Mangwe hazina saa, hilo tunalijua sote, lakini hata mnywaji wa saa 6 mchana alikuwa ameamka kabla yake na kunywa chai. Asubuhi ni ya dawa. Ni badiliko dogo, halina gharama, na sijui kwa nini halipendekezwi kwa kila mgonjwa anayekunywa.

Jambo hili si la Malindi peke yake. Mwaka 2013 Seth Kalichman wa Chuo Kikuu cha Connecticut na wenzake walichapisha utafiti wao wa Atlanta, Marekani, kuhusu watu wanaoishi na VVU ambao wanatumia ARV, yaani dawa za kudhibiti virusi hivyo, na pia wanakunywa. Waliwafuatilia mwaka mzima, wakiwahesabia vidonge na kuwauliza wanaamini nini. Walioamini kwamba pombe na ARV zikikutana ni sumu ndio walioruka vidonge kwa kukusudia, na kudhibiti virusi vyao kukawa kugumu. Kusahau kupo pia, sikatai. Utafiti mwingine, wa 2005, kwa wanajeshi wastaafu wa huko huko Marekani ulionyesha kwamba wanaokunywa sana huruka dawa zaidi siku wanayokunywa, siku inayofuata bado wanaruka ingawa kwa uchache, na siku zisizo na pombe ndizo wanazomeza vizuri. Na mwaka 2009 zilijumlishwa tafiti 40 zenye watu zaidi ya 25,000: uwezekano wa mnywaji kufuata ARV zake ipasavyo ulikuwa kama asilimia 50 hadi 60 ya ule wa asiyekunywa. Pengo kubwa namna hiyo haliwezi kuwa la usahaulifu mtupu.

Hofu ya ARV na pombe haikuzuka hewani. Kabla Kenya haijaanza kubadilisha dawa mnamo 2018, wengi walikuwa kwenye mseto wenye efavirenzi, dawa ya kumeza usiku, yenye kizunguzungu na ndoto za kutisha. Ukiongeza mnazi juu yake, unayumba maradufu. Mtu aliyepitia hilo mara moja hasahau, na atawasimulia wenzake. Leo kidonge ni kingine: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri ndani ya kidonge kimoja, mara moja kwa siku, na chakula au bila chakula. Pombe haikizuii kufanya kazi wala haikigeuzi sumu. Lakini onyo la zamani limebaki vinywani mwa watu, na hata vinywani mwa baadhi ya wahudumu.

Kinachokizuia kidonge hiki ni kitu ninachokiuza kila Jumapili asubuhi. Mtu amelala na pombe, ameamka kifua kinamuwaka, anakuja kaunta kuomba dawa ya kiungulia ya kutafuna. Zile zenye magnesiamu na alumini huishika dolutegraviri tumboni, ikapita bila kuingia kwenye damu inavyotakiwa. Kanuni ni kumeza ARV muda wa saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia, au saa 6 baada yake. Ni nadra kukutana na mteja anayelijua hili, na mimi siwezi kumuuliza mtu mbele ya watu kama ana virusi. Kwa hiyo namwambia kila anayenunua, awe kijana wa tuktuk au mama mtu mzima: "Kama una dawa nyingine ya kila siku, tangulia kuimeza hiyo, hii subiri muda wa saa 2." Ajabu ni hii: mtu amekwepa kidonge usiku kwa kuogopa pombe isiyokidhuru, kisha asubuhi anakimeza pamoja na kitu kinachokidhuru kweli.

Sisemi kwamba pombe haigombani na dawa yoyote. Zipo zinazogombana vibaya, na ndiyo sababu onyo la jumla ni hatari: linaweka dawa zote kapu moja, mtu asijue ipi ni ipi.

Kisukari ndicho kinachonitia hofu zaidi. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, akinywa pombe bila kula, sukari yake inaweza kuporomoka, kwa sababu ini linakuwa linashughulika na pombe na haliachii sukari ya akiba. Tazama dalili zake: jasho, kutetemeka, maneno kuvutika, kuyumba, kugombana ovyo, kisha kulala. Nani atatambua hapo mangweni? Wenzake watasema leo limemkolea, watamlaza kwenye mkeka na kumfunika shuka. Kama una rafiki mwenye kisukari na mnakunywa pamoja, hakikisha amekula, na ukimwona hivyo mpe soda yenye sukari upesi kama bado anameza. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni. Mtafutieni gari. Anayetumia metformini na kunywa sana naye yuko hatarini kwa njia nyingine, damu yake kujaa asidi, na daktari anapaswa kujua kiasi anachokunywa kwa kweli.

Flagyl, dawa ya kuua vijidudu, ni ya siku chache. Hapo naomba mtu aiache pombe mpaka dozi iishe na siku 2 au 3 zipite. Wengi wanaweza wakielezwa kwamba ni wiki moja tu na kwamba kutapika kunaweza kuwapata. Dawa za kifua kikuu ni miezi 6, na zinalichosha ini ambalo pombe nayo inalichosha, kwa hiyo mnywaji anahitaji kupimwa ini na kuangaliwa macho yasigeuke manjano. Lakini akiziacha kila wikendi, anafuga kifua kikuu kisichosikia dawa, na atakiambukiza nyumba nzima.

Na kuna kifafa. Hapa Kilifi ugonjwa huu umetafitiwa miaka mingi na watu wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na bado zipo nyumba ambako mtoto akianguka watu wanasema ni pepo: nyuni, au nyama wa dzulu kama wasemavyo Wagiriama. Kijana akishapata bahati ya kuanzishiwa fenobabitoni, dawa ya kifafa, anaambiwa asinywe pombe. Anakunywa. Ijumaa anaiacha dawa ili asichanganye, anakesha, anakunywa hadi Jumapili, na vitu vitatu vinamwangukia kwa pamoja: pombe, kukosa usingizi na kukosa dawa. Fenobabitoni na pombe kwa wingi zinaweza kuzima pumzi, hilo ni kweli kabisa. Kuikatiza ghafla kunaweza kuleta kifafa cha mfululizo kisichokatika, na hilo pia linaua. Mtu wa namna hiyo hawezi kupewa jibu dukani kwa sentensi moja. Anahitaji daktari anayejua anakunywa, ili pengine abadilishiwe dawa. Na daktari hatajua kama kijana anaogopa kusema.

Bangi ina mambo yake. Pombe inauzwa hadharani, bangi imekatazwa na sheria ya mwaka 1994, kwa hiyo mvutaji ana sababu mbili za kunyamaza kliniki. Mama mmoja huja kwangu kununua olanzapini, dawa ya ugonjwa wa akili, ya mwanawe kila hospitali inapoishiwa. Siku moja walikuja pamoja. Kijana mpole, mrefu, viatu safi. Mama akasema, "Mwambie, labda atakusikia wewe. Dawa hataki, msokoto anataka." Kijana akajibu taratibu, bila hasira: "Dada, hizi zanilaza kama gogo. Zaninenepesha. Ile yanituliza, naweza kukaa na watu."

Sikumpinga, kwa sababu alichosema kuhusu dawa ni kweli: olanzapini inalaza na inanenepesha. Nilimwambia nisemalo hapa. Kwa mtu aliyewahi kupata ugonjwa wa kusikia sauti, bangi huziita zile sauti zirudi. Watafiti waliofuatilia wagonjwa wa mara ya kwanza kusini mwa London, na kuchapisha matokeo mwaka 2017, waliona kwamba walioendelea kuvuta walirudiwa na ugonjwa zaidi, na kwamba sehemu ya sababu ni hii hii tunayoizungumza: waliovuta waliacha dawa. Sehemu tu, si yote. Na kuna jambo la moshi wenyewe, wa sigara au wa msokoto: hulifanya ini liimalize olanzapini upesi, hata kama ameimeza, kipimo kikawa hakitoshi. Kijana aliniuliza swali zuri sana, kwamba kama ni hivyo daktari hawezi kumpa dawa nyingine isiyomlaza? Anaweza. Zipo kadhaa, na ipo ya sindano ya mara moja kwa wiki kadhaa kwa mtu anayechoka kumeza kila siku. Hakuwahi kuambiwa, kwa sababu kila alipokwenda, mazungumzo yaliishia kwenye bangi na hayakufika kwenye dawa.

Kwa haki ni lazima niseme pia kwamba matokeo ya bangi hayafanani kila mahali. Utafiti mmoja wa California wa mwaka 2005 ulikuta kwamba wagonjwa wa VVU waliokuwa na kichefuchefu na wakavuta bangi walimeza ARV zao vizuri kuliko wenye kichefuchefu wasiovuta. Wengine wamekuta kwamba aliyefika kuwa mtumwa wa bangi humeza vibaya. Ninachokiona hapa ni kwamba mara nyingi mvutaji anatafuta nafuu ya kitu fulani: tumbo, usingizi, mawazo. Ukikijua hicho kitu unaweza kumsaidia. Ukimfukuza hutakijua. (Muguka, majani ya kutafuna kama miraa, sijaugusa. Kaunti za Pwani zilijaribu kuupiga marufuku Mei 2024 na mambo yakafika mahakamani. Nitasema moja tu: unaua hamu ya kula, na mtu aliyeambiwa ameze baada ya chakula, asipokula, hamezi.)

Mahali pamoja hapa mjini ambapo pombe kweli inapaswa kusimamisha dozi ni penye methadoni. Malindi ilipata kliniki yake mwaka 2015, miongoni mwa za mwanzo nchini, na watu waliokuwa wakitumia unga, yaani heroini, huenda kila siku kunywa dozi yao mbele ya mhudumu. Akifika amelewa, anaweza kunyimwa au kupunguziwa, kwa sababu methadoni na pombe kwa pamoja zinaweza kumzimia pumzi usingizini. Hapo kukataa ni kumwokoa. Lakini angalia tofauti: pale kuna mtu anayemtazama, anayempima na kumwambia arudi baadaye. Mjomba wangu na kopo lake la Kimbo hakuwa na mtu wa kumwambia chochote.

Na aibu. Mji wetu ni mdogo. Muuguzi ni jirani, au ni mke wa mtu mnayeswali msikiti mmoja. Mwislamu anayekunywa hatasema "nakunywa" mbele yake, atasema "la" na kupokea dawa zake na onyo lake. Kila Ramadhani naona jambo linalonifundisha: wale wale wanaoruka dawa mwaka mzima huzimeza vizuri mwezi ule. Pombe wameiweka kando, ni kweli, lakini pia siku imepata vigingi, futari na daku, na nyumba nzima imeamka. Mtu anamezeshwa na ratiba ya watu wake. Shawwal ikiingia, ratiba inavunjika na vidonge vinabaki tena.

Ningependa kliniki zetu ziulize swali tofauti. Badala ya "Unakunywa?", ambalo jibu lake linajulikana, waulize: "Siku ukinywa, dawa unaimezaje?" Swali hilo limeshakubali kwamba watu hunywa, na mtu anaweza kulijibu bila kujishusha. Wahudumu wa afya wa jamii wanaotembelea nyumba wanaweza kuliuliza pia, pengine vizuri zaidi, maana wao huliona kopo lenyewe. Tangu fedha za Marekani zilipokatizwa mwanzoni mwa 2025 na wahudumu wengi wa kliniki za VVU nchini kupoteza kazi, hatuna watu wa kutosha wa kumpigia simu aliyepotea. Basi angalau tusimfukuze aliyekuja.

Kama umesoma mpaka hapa, ulikunywa jana, na kidonge cha jana bado kipo, fanya hivi. Kwa ARV na nyingi za presha, meza ukikumbuka, isipokuwa muda wa kidonge kinachofuata umekaribia, hapo ngoja hicho. Usimeze viwili kwa mpigo kufidia. Kama dawa yako ni ya kisukari, kifafa, usingizi, kifua kikuu au ya kufanya damu isigande, usijiamulie kuongeza wala kuacha: nenda kliniki leo au ingia kemisti iliyo karibu, useme ulikunywa kiasi gani na saa ngapi. Na kama unakunywa kutwa kila siku, ukiikosa mikono inatetemeka, usiikate pombe kwa siku moja peke yako nyumbani, maana hata hiyo inaweza kukuletea kifafa. Hospitali wana dawa za kukuvusha siku hizo za mwanzo. Sema tu ukweli ukifika dirishani.